Ndege ya Muindi Haikuangushwa na Pombe

Kwanza kabisa, Onesmus Muindi hakuwa amelewa. Pili, hakufa mtu. Tatu, abiria hawakuwa arobaini kama wanavyosimulia watu wa Kyumbi huku wakipanga nyanya zao kando ya barabara. Walikuwa kumi na mmoja, na wote walishuka kwa miguu yao, isipokuwa Mzee Kitheka, aliyepelekwa hospitali kwa mkokoteni kwa sababu ya kuvunjika mtulinga. Na nne, jambo ambalo wasimulizi hulisahau kila mara kwa kuwa linawaharibia utamu, ndege yenyewe haikuwahi kutoka sebuleni.

Muindi alikuwa mtu wa hesabu na utaratibu. Kwa miaka thelathini na mmoja alifanya kazi katika idara ya hali ya hewa kwenye uwanja wa ndege wa Nairobi. Kila saa alitoka nje na daftari, akasoma kipimajoto, akapima upepo, akatazama mawingu na kuyaandika kwa majina yao. Marubani walisoma tarakimu zake ndipo wakaruka. Yeye hakuwahi kupanda ndege hata moja. Aliwapeleka watu angani miaka yote hiyo, kisha jioni akarudi Machakos kwa basi.

Alipostaafu mwaka wa 1996, Mzungu mmoja aliyekuwa akifundisha watu urubani kwenye kiwanja kidogo alifunga shule yake ili arudi kwao, na kwa kuwa hakutaka kubeba mizigo mizito, akampa Muindi kompyuta kuukuu ya kuigiza safari za ndege na usukani wa kujifunzia. Haukuwa kitu cha kuchezea. Ulikuwa na mhimili wa chuma uliosukumwa na kuvutwa, na rangi yake nyeusi ilikuwa imeng'arishwa na viganja vya wanafunzi wengi. Muindi aliuweka juu ya meza ya sebuleni, nyumbani kwake Mumbuni, ukaelekea ukutani, na kila Jumamosi saa nne kamili asubuhi akavaa tai na kuondoka kwenda Mombasa.

Alisafiri kwa mwendo wa kweli. Ikiwa ndege ya Mombasa huchukua saa moja na dakika kumi, na yeye alichukua saa moja na dakika kumi, akitazama mashamba ya kijani yasiyo na mtu yakipita polepole kwenye kioo cha kompyuta.

Mkewe, Mwalimu Wanza, mwalimu mkuu wa shule ya msingi, mwanzoni aliona aibu. Wageni walipobisha hodi Jumamosi aliwapitisha mlango wa jikoni. Siri hiyo ilitoboka siku Kamanthe, jirani wa ng'ambo ya ua, alipokuja kuazima chekeche. Aliketi nyuma ya Muindi kupumzisha miguu, akatazama kioo kwa muda, kisha akainuka aende zake.

"Huwezi kushuka hapa, mama," Muindi alimwambia bila kugeuka. "Hapa ni Voi."

Kamanthe akaketi tena. Baadaye alikiri kwamba hakujua kwa nini, ila sauti ya Muindi ilikuwa sauti ya mtu mwenye dhamana. Jumamosi iliyofuata alirudi na mwavuli, maana alisikia jua la Mombasa ni kali, na akaja na dada zake wawili. Kufikia mwaka wa 1998 mabenchi mawili ya kanisa yalikuwa yamehamia sebuleni kwa Mwalimu. Mzee Kitheka, mzee wa kanisa, aliombea safari wakati wa kupaa na wakati wa kutua, na alifanya hivyo akiwa amesimama, kwa kuwa hakuwahi kumwomba Mungu akiwa ameketi. Mwalimu Wanza aliona kwamba jambo likishaingiwa na maombi si la aibu tena. Akaanza kuandaa chai, na aliimimina ndege ilipokwisha kukaa sawa angani, si kabla.

Mwaka wa mgao wa umeme ulileta matatizo yake. Jumamosi moja stima ilikatika ndege ikiwa juu ya Mtito Andei, kioo kikawa cheusi, na abiria wakakataa kwenda nyumbani. Walikaa kwenye mabenchi, mikono magotini. Saa tisa mke wa Kitheka alikuja kumtafuta mumewe.

"Bado yuko juu," Kamanthe alimjibu mlangoni.

Stima iliporudi saa kumi, Muindi alianza upya kutoka Nairobi, na wote walikaa hadi wakatua salama. Huyo ndiye mtu ambaye leo anaitwa mlevi.

Ugonjwa wa usukani ulianza katikati ya mwaka wa 1999. Muindi akiuacha katikati, ndege ilitetemeka, kisha ikalalia kushoto, upande wa Kitui, kama ng'ombe anayekumbuka kwao. Kamanthe, aliyezaliwa Kitui, aliona si neno. Muindi aliona ni neno kubwa. Kila Jumamosi alfajiri alifungua usukani kwa bisibisi, akasafisha sehemu zake za ndani kwa pamba na spiriti ya dukani, akaujaribu, ukatulia, akafunga. Kabla ya safari kwisha ulikuwa umeanza tena.

Jumamosi ya ajali, mwezi wa Novemba, mambo yalikwenda hivi. Walikuwa wamebakiza dakika chache watue. Mzee Kitheka alisimama, akainua mkono, akasema, "Tufumbe macho." Macho yote yakafumbwa. Wakati huo Muindi alimwinamia mkewe, aliyeketi karibu naye na birika, akamnong'oneza, "Mwalimu, shika kidogo."

Muindi alikuwa na umri wa miaka sitini na ugonjwa wa sukari. Aliinuka, akatoka. Alikokwenda si hoja.

Mwalimu Wanza aliweka birika chini, akashika. Hakuwa mgeni kabisa wa usukani ule. Ndege ikalalia kushoto, akaurudisha kulia taratibu, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya. Ulipofika katikati, ndege ikaruka yenyewe kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, ikapinduka, na spika zikatoa mshindo ambao ulisikika hadi barabarani. Abiria waliofumba macho walifanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya ndege ikianguka. Walijitupa sakafuni. Mzee Kitheka, aliyesimama, alikuwa na umbali mrefu zaidi wa kuanguka, na alianguka juu ya benchi.

Walipofumbua macho, Mwalimu Wanza alikuwa amesimama kando ya meza na mikono mitupu, na Muindi alikuwa ameingia mbio.

"Ni nani? Ni nani ameangusha?" watu walilia.

"Ni mimi," alisema Muindi. "Rubani ni mimi."

Akamwinua Kitheka kwa mikono yake mwenyewe. Jioni hiyo alifunika usukani kwa kitambaa cha sofa, kile cha kufumwa kwa uzi mweupe, na hakuruka tena. Sukari ilimchukua mwezi wa Februari mwaka wa 2001. Kwenye mazishi Mwalimu Wanza alitaka kusimama na kusema mkono ulikuwa wa nani. Lakini alijua watu wa Mumbuni. Ungewaambia mkono ni wa nani, wangekuuliza mwenye usukani alikuwa wapi. Akasoma wasifu ulioandikwa, akaketi. Na uvumi, ulioona hakuna wa kuupinga, ukanenepa. Mzee Kitheka alikuwa amesema kwamba siku ile mikono ya Muindi ilinuka kaluvu, pombe ya miwa, na akalisema hilo kanisani, mahali ambapo neno likishatamkwa huota mizizi.

Mambo yangebaki hivyo kama Nzisa, binti wa pekee wa Muindi na Mwalimu, karani katika machimbo ya mawe ya Mlolongo, hangepata mchumba. Kijana alikuwa Musyoka, wa Ndithini, mpole, mwenye kazi. Ilibaki mbuzi wa ntheo waletwe, wale ambao bila wao Mkamba hahesabu kwamba kuna ndoa, hata askofu akifungisha mara tatu. Mjomba wa Musyoka, Mzee Wambua, ndiye aliyekuwa kiongozi wa shughuli. Mwezi wa Juni 2003 alifika Mumbuni amevaa koti zito, na hakuwa na mbuzi.

"Mwalimu, sisi hatukatai msichana," alisema baada ya chai. "Msichana ni mzuri, ako na heshima. Ni hiyo maneno ya ndege."

"Maneno gani, Mzee?"

"Huko kwetu wanasema baba yake alikuwa rubani wa kulewa. Ati aliangusha watu. Sasa wazee wanauliza, kama boma iko na damu ya watu, mbuzi zetu zitaingia aje?"

"Mzee Wambua, ndege ilikuwa pale." Mwalimu alinyoosha kidole kwenye meza iliyofunikwa kitambaa.

Mzee Wambua akatazama meza. "Pale?"

"Pale."

"Na ilianguka wapi?"

"Pale pale."

"Ngai!" Mzee alitazama dari, akatazama kuta moja baada ya nyingine. "Kwa nyumba! Na mkajenga tena vizuri hivi?"

Mwalimu Wanza alikuwa amefundisha darasa la kwanza miaka sita, na alijua uso wa mtu ambaye kuelezwa zaidi kutamchanganya zaidi. Akamwambia arudi Jumamosi baada ya majuma mawili. Atamfungulia mtambo wenyewe mbele ya macho yake, na Mzee Kitheka akiwepo, ajionee kilichoangusha ndege. Ikiwa ni pombe, basi na iwe. Ikiwa siyo, wazee wa Ndithini waambiwe.

"Na mbuzi?" Mzee aliuliza.

"Mbuzi wangoje majani yao."

Jumatatu alifunga usukani kwenye leso, akaupeleka sokoni Machakos kwa Ndunda, fundi wa redio, ambaye kibanda chake kilikuwa kimejaa redio zilizofunguliwa matumbo. Ndunda alikuwa na mvi sasa, lakini alipomwona aliinuka kwenye kigoda kama mwanafunzi.

"Mwalimu! Ulinichapa darasa la nne kwa sababu ya ‘kitabu changu zimepotea'."

"Na bado unaongea vivyo hivyo. Tazama hiki."

Ndunda akafungua skrubu, akachungulia, akacheka kwa furaha. "Hii ni volyumu."

"Ndunda, huo ni usukani wa ndege."

"Ndiyo, Mwalimu. Na hii ni volyumu. Kama ya redio. Hii ni ya kushoto na kulia, hii ingine ni ya juu na chini." Alichomoa kidude cha mviringo, akakichokonoa mfuniko kwa kisu na kumwonyesha. Ndani mlikuwa na njia nyembamba nyeusi ya kaboni, imepinda kama kwato ya punda, na kidole kidogo cha shaba kilichoteleza juu yake. "Ukizungusha usukani, hii kidole inatembea. Kompyuta inasoma imefika wapi. Sasa angalia katikati."

Katikati palikuwa na mkwaruzo mweupe. Kaboni ilikuwa imelika kabisa. Ndunda akaweka nyaya za mita yake, akazungusha. Mshale ulipanda vizuri, ukafika katikati, ukaanguka kama aliyezimia, kisha ukapanda tena.

"Kidole ikifika hapa, kompyuta haioni kitu. Inafikiri umezungusha mpaka mwisho. Hata ukisafisha na spiriti, inatoa uchafu tu, hairudishi kaboni."

Mwalimu Wanza alikiinamia kidude kwa miwani. "Kwa nini pamelika hapa tu?"

"Kwa sababu mwenyewe alikuwa anaenda moja kwa moja. Kidole ilikaa katikati miaka yote, kama ng'ombe kwa njia ya mto." Ndunda akaacha kucheka kidogo. "Mwalimu, mimi nitakuambia kitu. Mlevi angeimaliza pande zote. Hii imekwisha katikati peke yake. Huyu mtu aliendesha vizuri mpaka akamaliza mtambo."

Mwalimu Wanza akavua miwani na kuipangusa, kisha akaipangusa tena. Aliporudi kusema, sauti yake ilikuwa ile ya ofisini. "Itengeneze. Na hiyo mbovu usiitupe. Iweke kwenye bahasha."

Ndunda aliweka volyumu mpya ya redio, akailehemu vizuri. Walipoijaribu nyumbani, ndege iligoma kwa namna nyingine. Ukizungusha usukani kidogo, haikugeuka. Ukiongeza, haikugeuka. Ukiongeza nukta moja tena, ikalala chali, magurudumu juu.

Ndunda akakuna kichwa hadi chai ikapoa. Kisha akajipiga paji. "Ni mimi mjinga! Hii ni ya sauti. Volyumu ya sauti inaanza polepole halafu inapanda kwa nguvu, kwa sababu masikio ya watu iko hivyo. Ndege haina masikio. Tunataka ile inapanda sawasawa. Inaandikwa B."

"Inapatikana wapi?"

"Nairobi, labda. Ama kwa redio kubwa, kile kidude cha kugawa sauti kushoto na kulia." Alisema hivyo huku akitazama kabatini, ambako redio ya kaseti ya Muindi, yenye spika mbili, ilikaa chini ya kitambaa chake.

Muindi alikuwa amepewa redio ile na wenzake wa idara alipostaafu. Kila Jumapili alasiri alisikiliza kwaya humo, na alikuwa na mazoea ya kusema, "Sikia, soprano wako upande wa dirisha." Mwalimu Wanza alisimama mbele ya kabati muda mrefu kidogo kuliko ilivyohitajika. Kisha akaitoa mwenyewe na kuiweka mbele ya Ndunda.

"Toa."

Tangu siku hiyo kwaya huimbia upande mmoja tu, na soprano hawasikiki. Lakini ndege ilikaa sawa. Kwa siku tisa, kila alasiri, Mwalimu Wanza aliketi kwenye kiti cha mumewe na kutua Mombasa, akaanguka mara kumi na nne, na mara ya kumi na tano hakuanguka.

Jumamosi ilipofika walikuja wote. Mzee Wambua na koti lake. Mzee Kitheka, bega moja juu kuliko jingine tangu ajali, ambaye aliketi karibu na mlango. Ndunda na sanduku la vifaa. Na Kamanthe, ambaye hakualikwa, akiwa na mwavuli.

Ndunda alitoa ile volyumu mbovu kwenye bahasha, akaiunganisha kwenye redio ndogo. Ilikuwa saa ya matangazo ya vifo. Mtangazaji alikuwa akisoma kwa huzuni majina ya watu wa Mwala. Ndunda akazungusha kidole kidogo kidogo. "…ndugu wa marehemu walioko… khrrrr… khrr… saa nne asubuhi, nyumbani kwake…"

Mzee Wambua aliruka kutoka kitini. "Hiyo ni redio yangu!"

"Ni yangu, Mzee," alisema Ndunda.

"Ninasema ugonjwa! Ni ugonjwa ya redio yangu! Hiyo ndiyo ilinikosesha mazishi ya shemeji. Nilisikia jina lake, nikaongeza sauti nisikie siku, ikafanya khrrr, halafu ‘nyote mnakaribishwa'. Kukaribishwa wapi? Lini? Mpaka leo dada yangu hanipi maji ya kunywa." Alimgeukia Mwalimu. "Hii kitu ndiyo ilikuwa kwa ndege?"

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Na watu walikuwa wamepanda?"

"Kumi na mmoja."

"Kwa volyumu kama hii, hata mimi ningeanguka," alisema Mzee Wambua, akaketi kwa uzito wa mtu aliyeteseka kwa jambo hilo.

Ndunda akasema atawaonyesha kwamba hata kusafisha hakusaidii. Akafungua kichupa, akalowesha pamba, akapangusa. Harufu ikajaa chumba. Mzee Kitheka aliinua pua. Akaiinua tena. Akatoka kwenye kiti chake cha mlangoni, akaja hadi mezani, akainama juu ya mikono ya Ndunda kama daktari.

"Hiyo ni nini?"

"Spiriti, Mzee. Ya kusafisha. Hainywewi."

"Siku ile pia aliweka?"

"Aliweka alfajiri ile," alisema Mwalimu Wanza. "Kila Jumamosi aliweka."

Bega bovu la Mzee Kitheka likapanda na kushuka. "Mimi nilisema ni kaluvu."

"Ulisema."

"Nilisema kanisani."

"Tena baada ya mahubiri."

"Basi ni kanisani nitasema tena," alisema Mzee Kitheka, na akahamia benchi la mbele, mahali pake pa zamani.

Kisha Mwalimu Wanza akaketi kwenye usukani. Aliwapeleka safari fupi tu, dakika ishirini za mwisho. Mzee Kitheka aliomba, lakini aliomba macho wazi na ameketi sakafuni, akieleza kwamba Mungu ataelewa. Mzee Wambua alishika benchi kwa mikono miwili. Ndege ilishuka, ikapinda kulia, usukani ukapita katikati bila ndege kutikisika, ikagusa uwanja, ikakimbia, ikasimama.

"Ni Mombasa?" Mzee Wambua aliuliza kwa kunong'ona.

"Ni Mombasa."

Alikwenda dirishani, akafungua pazia, akaona migomba ya Mwalimu na ng'ombe wake akitafuna. Akafunga pazia kwa heshima. "Mwalimu," akasema, "wazee wa Ndithini watasikia kutoka kwa mdomo yangu. Ilikuwa volyumu. Mbuzi zinakuja."

Kamanthe alipiga kigelegele. Halafu, kwa kuwa furaha humlegeza mtu ulimi, akasema, "Sasa na mimi wacha niseme. Imenikaa kwa roho miaka minne. Siku ile mimi nilifungua jicho moja."

"Kwa maombi?" alisema Mzee Kitheka.

"Moja tu, Mzee. Nikaona mkono kwa usukani. Haikuwa ya mwanaume. Ilikuwa na kasaa kadogo ka dhahabu."

Watu wote wakatazama kifundo cha mkono wa Mwalimu Wanza, uliokuwa bado umelala juu ya usukani. Saa ilikuwepo, na ilikuwa saa tano na robo.

Angeweza kusema Kamanthe aliota. Kamanthe alikuwa ameota mengi, na hakuna ambaye angemwamini kuliko Mwalimu. Lakini huo ungekuwa uongo, na uongo huo ungembebesha Muindi tena, kaburini, mzigo alioubeba sebuleni.

"Ulikuwa mkono wangu," alisema. "Ndege ilivutwa kushoto, nikairudisha kulia kama inavyostahili, na volyumu ikaruka. Onesmus hakuangusha ndege yoyote. Alisema ni yeye ili nisisemwe mimi."

Hakuna aliyenyanyua kikombe. Mzee Kitheka alipapasa bega lake, akamtazama Mwalimu kana kwamba anamwona kwa mara ya kwanza.

Mzee Wambua ndiye aliyeuliza, kwa upole, kwa kuwa alikuwa mtu anayependa hesabu ilingane. "Basi rubani mwenyewe alikuwa ameenda wapi? Hawezi kuacha usukani hivi hivi. Ama alikuwa amelala?"

Nzisa, aliyekuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, alifumba macho.

Mwalimu Wanza alijua jibu, na jibu lilikuwa la maneno mawili, na lingemaliza shauri lote. Lakini kuna mambo ambayo Mkamba hayataji mbele ya wakwe hata nyumba ikishika moto. Haya hiyo huitwa nthoni, na jina la mkwe lenyewe, muthoni, limetoka humo. Mtu anaweza kumwambia mkwe habari za kifo, za vita na za njaa, lakini hawezi kumwambia mwili wa mwanamume wa nyumba hiyo ulihitaji nini, na katikati ya maombi.

"Mzee Wambua," alisema, "ungeniuliza juzi, ungekuwa mgeni, labda ningekujibu. Leo umesema mbuzi wanakuja. Wewe ni muthoni wangu. Hilo sitakuambia."

Mzee Wambua alifungua mdomo aulize tena. Kisha alikumbuka yeye ni nani humo ndani, na ni mambo ya aina gani ambayo mkwe haambiwi, na jibu likamfikia lenyewe. Alitazama kikombe chake kwa bidii kubwa. Masikio yake yalikuwa yameshika moto.

"Ni Jumamosi ya pili ya Agosti," aliliambia kikombe. "Mbuzi."

"Karibuni," alisema Mwalimu Wanza.

"Lakini Mwalimu," Kamanthe alisema, "kwani alikuwa—"

"Kamanthe, sisemi."

"Ni mimi tu, jirani yako wa—"

"Sisemi leo, sisemi kesho, na ukija kuazima chekeche, bado sisemi."